Mjerumani Aliposalimu Amri: Maswali Yanayoulizwa Sana Huku Kusini

Haya maswali yanarudi kila mwaka. Vijana wa kidato cha nne wakikaribia mtihani, wageni wakishushwa pale boma la Mikindani, wazee wakianza kubishana kijiweni nani alimpiga nani kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia. Nimeyaweka pamoja ili mtu asome mara moja. Jibu likiwa limeshatolewa kwenye swali lingine nitakuelekeza huko, sitarudia.

## MAMBO YA MWANZO

Mjerumani alisalimu amri lini hasa, tarehe 11 au tarehe 25 Novemba 1918?

Zote mbili, inategemea unamzungumzia Mjerumani yupi. Tarehe 11 Novemba ndo siku wajumbe wa Ujerumani waliposaini kusitisha mapigano mbele ya Marshal Foch, kamanda mkuu wa majeshi ya washindi, kwenye behewa la treni msituni Compiègne, Ufaransa. Tarehe 25 Novemba ndo siku Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Mjerumani huku Afrika Mashariki, alipokabidhi silaha Abercorn, siku hizi panaitwa Mbala, Zambia. Hizo wiki mbili katikati zina stori yake, soma swali la Kifungu cha 17 hapo chini.

Kwani kusitisha mapigano na mkataba wa amani si kitu kimoja?

Hapana, na hapa ndo wengi wanapoteza maksi. Kusitisha mapigano ni karatasi ya kijeshi, inasema acheni kupiga risasi, rudini nyuma, leteni mizinga, leteni meli. Mkataba ndo unaosema nani anachukua nini na nani analipa. Huo ulisainiwa Versailles tarehe 28 Juni 1919 ukaanza kazi rasmi 10 Januari 1920. Kwa hiyo kuanzia Novemba 1918 mpaka Januari 1920 kisheria vita ilikuwa haijaisha, ila mshindwa alishanyang'anywa silaha, sasa utabishana na mtu ukiwa mikono mitupu?

Nani walikaa mezani kuamua?

Watatu ndo walikuwa na sauti kubwa: Woodrow Wilson wa Marekani, David Lloyd George wa Uingereza na Georges Clemenceau wa Ufaransa. Orlando wa Italia alikuwepo ila alikuwa anahangaikia mambo yake ya Adriatic. Clemenceau alitaka Ujerumani ikae chini isiinuke tena, Wilson alikuja na hoja zake 14 alizozitangaza Januari 1918 (ya tano ilihusu makoloni, kwamba maslahi ya wenyeji yapewe uzito sawa na madai ya serikali), na Lloyd George alikuwa katikati, nyumbani kaahidi wapiga kura kwamba Mjerumani atalipa, lakini biashara na Mjerumani bado anaitaka. Mjerumani mwenyewe hakuitwa kwenye majadiliano, aliitwa kupewa karatasi iliyokamilika, akaruhusiwa kutoa maoni kwa maandishi basi. Na wenyeji ambao Wilson kawataja kwenye hoja ya tano, wa huku Lindi au wa popote pale kwenye koloni, hakuna aliyewauliza chochote.

## SILAHA, ASKARI NA CHAKULA

Kifungu cha 17 ni kipi na kwa nini kinabishaniwa?

Hiki ndo kifungu pekee kwenye karatasi ya Compiègne kilichohusu huku kwetu. Rasimu ya kwanza ilitaka majeshi ya Mjerumani Afrika Mashariki yasalimu amri bila masharti ndani ya mwezi mmoja. Wajumbe wa Ujerumani wakalalamika, na washindi, ambao muda huo akili yao yote iko Rhine na kwenye meli za kivita, wakalegeza. Toleo lililosainiwa likasema tu kwamba majeshi hayo *yataondoka*, kwa muda utakaopangwa na washindi.

Sasa angalia kilichotokea. Tarehe 13 Novemba Lettow yuko Kasama, hajui chochote, kashinda mapambano yake madogo madogo, na habari inamfikia kwa sababu watu wake walimkamata mwendesha pikipiki wa Muingereza akiwa na ujumbe wa jenerali van Deventer, kamanda wa majeshi ya Muingereza huku. Anaambiwa apeleke watu wake Abercorn akabidhi silaha na mateka. Yeye anasema hapana bwana, karatasi inasema tuondoke, haisemi tusalimu amri wala tuwe mateka. Van Deventer anasema London wameielewa hivyo na ndo hivyo. Kwa maandishi Lettow alikuwa na hoja, tena hoja nzuri, ila serikali yake Berlin ilishaanguka, Kaisari kakimbilia Uholanzi, atamlalamikia nani? Akaandamana mpaka Abercorn na Wazungu 155, askari Waafrika 1,168 na wapagazi zaidi ya elfu moja, akaweka bunduki chini. Maafisa wakaruhusiwa kubaki na silaha zao kwa heshima. Askari hawakuwekwa kwenye hiyo heshima, wakapelekwa kambini Tabora.

Mbona basi alirudi kwao kama shujaa?

Kwa sababu washindi walimruhusu. Alisafirishwa Dar es Salaam, Januari 1919 akapanda meli, na Machi akapita na watu wake chini ya lango la Brandenburg mjini Berlin, watu wanashangilia. Hata jeshi la Ujerumani lenyewe lilirudi kutoka Ufaransa kwa miguu yake likiwa na mistari iliyonyooka, nchi haikuguswa na vita ya ardhini upande wa magharibi, washindi walikalia tu upande wa mto Rhine. Hapo ndo ulipopata nguvu ule uongo kwamba jeshi halikushindwa, bali lilichomwa kisu mgongoni na wanasiasa wa nyumbani. Ukitaka kujua washindi walijifunza nini kwenye hilo, ruka mpaka swali la 1945.

Askari na wapagazi walilipwa?

Askari walipewa hati za madai ya mishahara yao wakaachwa nazo. Ujerumani ya Magharibi ilikuja kuwalipa waliokuwa bado hai miaka ya 60, hesabu mwenyewe mtu alisubiri muda gani. Wapagazi ndo usiseme. Upande wa Uingereza peke yake wanaokadiriwa kufa ni zaidi ya 90,000, wengi kwa njaa, kuhara, malaria na uchovu, si kwa risasi. Hakuna kifungu Versailles kinachowataja. Mimi naona hili ndo pengo kubwa kuliko yote kwenye hiyo karatasi, maana kitabu cha shule kitakuambia Lettow alikuwa na mbinu za ajabu porini wakati mbinu yenyewe ilikuwa inabebwa vichwani na watu waliokamatwa kijijini, chakula kikachukuliwa ghalani mwao wakati wa kuondoka.

Ni kweli washindi waliendelea kuwafungia Wajerumani chakula baada ya vita kuisha?

Kweli. Meli za Uingereza ziliendelea kuzuia bandari za Ujerumani baada ya Novemba 1918. Chakula kikaanza kuruhusiwa Machi 1919 baada ya makubaliano ya Brussels, tena Mjerumani akilipa kwa dhahabu na kutoa meli zake, na kizuizi kikaondolewa kabisa Julai 1919, yaani baada ya saini. Njaa ilikuwa silaha ya kuhakikisha kalamu inashikwa.

Jeshi lake lilipunguzwa kiasi gani?

Watu 100,000 tu, hakuna ndege za kivita, hakuna nyambizi, hakuna vifaru, na kulazimisha vijana kujiunga na jeshi kukapigwa marufuku.

## HUKU KUSINI KWETU

Vita yenyewe ilifikaje Lindi na Mtwara?

Dar es Salaam ilianguka 4 Septemba 1916, na mwezi huohuo Waingereza wakashusha watu Kilwa, Lindi na Mikindani. Wareno nao wakavuka Ruvuma wakitokea Msumbiji, wakaingia Newala Oktoba, na Novemba wakafurushwa vibaya wakarudi ng'ambo. Halafu mwaka mzima ni kusukumana barabara ya Lindi kwenda Masasi. Mapigano makubwa kuliko yote ya vita hiyo Afrika Mashariki yalikuwa Mahiwa, karibu na Nyangao, katikati ya Oktoba 1917. Siku nne. Muingereza alipoteza zaidi ya watu 2,000 kati ya takriban 5,000, waliokufa na majeruhi pamoja. Mjerumani alipoteza mamia tu, ila hakuwa na wa kujaza nafasi zao. Novemba akavuka Ruvuma pale Ngomano, akawapiga Wareno akabeba bunduki na dawa zao, na hakurudi upande huu mpaka Septemba 1918.

Kwa hiyo mtu akikuambia huku kusini Mjerumani alishindwa 1918 mwambie huku alishatoka mwaka mmoja kabla, kilichobaki ni njaa.

Kionga ni wapi na imeingiaje kwenye mkataba?

Kionga iko ng'ambo ya mdomo wa Ruvuma, upande wa kusini, ukivuka unaelekea Palma unaipita. Mjerumani aliinyakua kwa Mreno 1894, akisema mpaka wake haukomei mtoni unashuka mpaka Rasi ya Delgado. Mreno akanuna miaka yote hiyo. Machi 1916 Ujerumani ikatangaza vita na Ureno, na mwezi uliofuata tu Mreno akaichukua Kionga, na 1919 washindi kule Paris wakamtambua kuwa ndiye mwenyewe halali. Ndo maana leo Kionga ni Msumbiji.

Ni kipande kidogo tu cha pwani, minazi, mikoko na wavuvi ambao wana ndugu pande zote mbili na wanavuka kama kawaida yao. Lakini ndicho kitu pekee cha ardhi alichopata Mreno kwa vita iliyomuulia maelfu ya watu, wengi wao kwa magonjwa kaskazini ya Msumbiji. Alitarajia makubwa zaidi.

Ni kweli Mtwara na Lindi nusura tuwe Msumbiji?

Swali hili watu wanalicheka lakini lina msingi. Mbelgiji alikuwa amekalia Rwanda, Burundi na maeneo ya magharibi mpaka Tabora. Yeye hakuwa anaitaka sana Rwanda, alichokitaka ni ukingo wa kusini wa mdomo wa mto Kongo, ambao ulikuwa wa Mreno upande wa Angola. Basi akaja na mpango wa pembe tatu: mimi nampa Muingereza eneo nililolikalia, Muingereza anampa Mreno kipande cha kusini cha koloni la Mjerumani, Mreno ananipa mimi ule ukingo wa Kongo. Hicho kipande cha kusini ndo sisi. Yaani tulikuwa chenji.

Mreno akakataa kuachia ukingo wake. Mpango ukafa. Mbelgiji akabaki na Rwanda na Burundi kwa makubaliano ya Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji ya Mei 1919, Muingereza akachukua kilichobaki, kikaitwa Tanganyika 1920, na Shirikisho la Mataifa likathibitisha udhamini wake 1922. Kwa hiyo sababu ya mtu wa Newala kuimba wimbo wa taifa huu na si ule ni kwamba Lisbon waliupenda mto wa Angola kuliko walivyotupenda sisi. Mimi sina malalamiko.

Udhamini una tofauti gani na koloni?

Kwa mtu wa kijijini Nanyamba tofauti ilikuwa ndogo, kodi ni ileile. Ila kisheria Muingereza alitakiwa kutoa taarifa kila mwaka Geneva, makao ya Shirikisho la Mataifa, hakutakiwa kujenga ngome za kijeshi wala kufundisha wenyeji vita zaidi ya ulinzi wa ndani, na biashara ilitakiwa iwe wazi kwa nchi zote za Shirikisho. Hilo la mwisho likaja kumsaidia nani? Soma swali linalofuata.

Wajerumani wenye mashamba ya mkonge walipelekwa wapi?

Walifukuzwa, mashamba yao yakawekwa chini ya msimamizi wa mali za adui yakauzwa. Ila 1925 marufuku ikaondolewa, Ujerumani ikaingia Shirikisho la Mataifa 1926, na wakarudi, wengine wakanunua mashamba upya. Ilipofika 1939 vita ya pili ikaanza wakakamatwa tena na mali zikashikwa tena.

## MAFUVU, MIFUPA NA FIDIA

Ni kweli fuvu la Mkwawa limo kwenye Mkataba wa Versailles?

Ndiyo, Kifungu cha 246. Kinasema Ujerumani ndani ya miezi sita ikabidhi kwa serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa. Kifungu hichohicho kinataka ile Kurani ya Khalifa Uthman irudishwe kwa mfalme wa Hijazi. Miezi sita ikageuka miaka zaidi ya 30, fuvu likarudi Kalenga 1954 baada ya gavana Twining mwenyewe kwenda kulitafuta kwenye makumbusho Bremen.

Soma vizuri lakini: linakabidhiwa kwa serikali ya Uingereza. Halikabidhiwi kwa Wahehe.

Kama fuvu liliwekwa, kwa nini mjusi wa Tendaguru (dinosaria) hakuwekwa?

Hili ndo swali la Lindi, ukikaa meza yoyote utalisikia. Wajerumani walichimba Tendaguru kuanzia 1909 mpaka 1913, wakasafirisha zaidi ya tani 200 za mifupa kupitia bandari ya Lindi, ikabebwa vichwani na wapagazi kutoka porini mpaka pwani. Yule mkubwa amesimamishwa Berlin tangu 1937, ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu.

Jibu fupi ni kwamba vifungu vya kurudisha vitu vilitokana na aliyekuwa na mtu wa kumsemea mezani. Ufaransa ilidai bendera na nyaraka zake za vita ya 1870, Ubelgiji ikadai vitabu vya maktaba ya Louvain iliyochomwa na michoro ya kanisani, na fuvu liliingia kwa sababu maafisa wa Kiingereza huku waliona litawapendeza Wahehe na kuonyesha kwamba Mjerumani kaondoka kweli. Mifupa ilichimbwa wakati wa amani kwa vibali vya serikali ya koloni, kwa macho ya washindi hiyo haikuwa wizi. Na wao wenyewe walikuwa wanafanya hivyohivyo kwenye makoloni yao.

Kama unadhani natania, Muingereza alipopata udhamini hakudai mjusi arudi Lindi, alituma wachimbaji wake. Makumbusho ya London ilichimba Tendaguru ileile kuanzia 1924 mpaka 1931, na kiongozi wa kwanza wa msafara, William Cutler, akafa kwa malaria 1925 hapahapa Lindi. Mshindi alirithi mpaka shimo.

Ujerumani ililipa fidia, Tanganyika ilipata ngapi?

Mwaka 1921 deni lilitangazwa kuwa marki za dhahabu bilioni 132. Mgao ulishapangwa mwaka uliotangulia kwenye mkutano wa Spa: Ufaransa asilimia 52, milki ya Uingereza 22, Italia 10, Ubelgiji 8, Ureno robo tatu ya asilimia moja, na kadhalika. Fungu la wenyeji wa Tanganyika halikuwepo. Vijiji vilivyochomwa barabara ya Masasi havikuwa na nchi ya kuvidai.

## 1945 NA MENGINE

Kwa nini 1945 Ujerumani ilitendewa tofauti?

Kwa sababu ya lile lango la Brandenburg. Roosevelt alitangaza Casablanca, Januari 1943, kwamba safari hii ni kusalimu amri bila masharti, Churchill akiwa pembeni yake. Hakuna Kifungu cha 17 cha kubishania. Majenerali wa Ujerumani walisaini Reims tarehe 7 Mei 1945 na tena Berlin usiku wa tarehe 8, na tarehe 5 Juni mataifa manne yakatangaza kwamba mamlaka yote ya juu ya Ujerumani sasa ni yao. Nchi ikakatwa kanda nne.

Ila usidhani walikubaliana la kufanya nayo. Septemba 1944 kule Quebec, Roosevelt na Churchill walisaini karatasi ya waziri wa fedha Morgenthau ya kuigeuza Ujerumani nchi ya wakulima na wafugaji, Churchill kwanza alikataa halafu akasaini, ikavuja kwenye magazeti ikazimwa. Miaka miwili baadaye, Septemba 1946, waziri wa mambo ya nje wa Marekani Byrnes akasimama Stuttgart akiwaambia Wajerumani watasaidiwa kusimama, na 1947 ukaja mpango wa Marshall. Huruma ilichangia kidogo, hofu ya Mrusi ilichangia zaidi.

Japani je?

Walisaini 2 Septemba 1945 juu ya meli Missouri. Mfalme aliachwa, serikali yao ikaachwa ifanye kazi chini ya jenerali MacArthur wa Marekani. Wazee wetu wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Muingereza la askari Waafrika) waliopigana Burma walikuwa sehemu ya ushindi huo, wakarudi na medali.

Nasikia bandari ya Mtwara ilijengwa kwa sababu ya Ujerumani kushindwa, kweli?

Si moja kwa moja. Baada ya 1945 Muingereza alikuwa kachoka kifedha, mafuta ya kula hayatoshi, na kwenye kanda yake ya Ujerumani kuna mamilioni ya kulisha. Julai 1946 akaanza kugawa mkate kwa kadi nyumbani kwake, kitu ambacho hakukifanya hata wakati wa vita, na moja ya sababu ilikuwa ngano iliyokwenda Ujerumani. Katika njaa hiyohiyo ya mafuta ndo ukazaliwa mradi wa karanga wa 1947: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Karanga za Nachingwea zilihitaji reli na bandari ya kina, ikaja Mtwara. Mradi ukafa 1951, reli ikang'olewa baada ya uhuru, bandari ikabaki na leo inapakia korosho.

Nyerere na Uganda 1979 inaingia kwenye somo hili?

Nusu nusu. Kampala ilianguka 11 Aprili 1979, Amin akakimbia, hakuna aliyesaini kusalimu amri kwa niaba ya Uganda. Nyerere alishaandaa mapema, mkutano wa Moshi wa Machi ukawakusanya Waganda wenyewe wakamchagua Yusuf Lule. Mpaka haukusogezwa hata hatua moja. Jeshi letu lakini lilikaa huko mpaka 1981, na waliosema limekaa sana walikuwepo Kampala na hata hapa nyumbani.

Madai ya Majimaji yanaweza kudaiwa kwa kutumia Versailles?

Hapana. Versailles ilihusu hasara za 1914 mpaka 1918 na waliodai ni serikali zilizosaini. Majimaji ni 1905 mpaka 1907, hata kama iliwaka hukuhuku Liwale, Masasi na Lindi. Rais wa Ujerumani Steinmeier aliomba msamaha Songea tarehe 1 Novemba 2023, na mambo ya mabaki ya watu na vitu vilivyochukuliwa yanazungumzwa na serikali mbili, nje kabisa ya mkataba ule. Kwenye mtihani ukiandika kifungu cha Versailles kujibu swali la Majimaji unapata sifuri.